Kupiga picha seli za kinga kwenye ubongo uliopata kiharusi, kwa walioko Moshi na Arusha ambao hawana konfoko (maikroskopu ya leza ya bei kali)

Wengi wanaosoma maabara au udaktari huku kwetu wakisikia "picha za maikroglia" akili inakimbilia konfoko ya mamilioni, wanakata tamaa kabla hata hawajagusa slaidi. Ila jua tu kwamba maikroglia, yani seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe, Mhispania Pío del Río-Hortega alizionyesha mwaka 1919 kwa rangi ya fedha na maikroskopu ya mwanga ya kawaida kabisa, matawi yake yote yanaonekana, kwahiyo kifaa sio kisingizio. Kinachoharibu picha nyingi ni vitu vilivyofanyika kabla slaidi haijafika kwenye maikroskopu, na hapo ndo nitakaa sana.

Niseme hili kwanza maana ndugu wa wagonjwa wanaulizaga. CT skani pale hospitali haioni seli za kinga, yenyewe inakuambia kama ni damu imevuja au mshipa umeziba, basi. Kuziona kwa mtu aliye hai wanatumia PET, skani nyingine, na dawa yenye mionzi inayonata kwenye TSPO, protini inayoongezeka seli hizi zikiamka, na ile ya zamani, PK11195 yenye kaboni 11, nusu ya mionzi yake inaisha ndani ya dakika 20 hivi, yani lazima itengenezwe jirani na mashine. Sisi tunaongelea ubongo wa panya wa utafiti, na kibali cha maadili kiwe mkononi tayari, sio "nitaombea baadae".

Sasa, ukisema "baada ya kiharusi" bila kutaja siku hujasema kitu. Maikroglia wanaanza kubadilika ndani ya saa chache, nyutrofili wanaingia toka kwenye damu na kujaa siku ya 1 mpaka ya 3, monosaiti wanaogeuka makrofaji wanatawala siku ya 3 mpaka ya 7 hivi, limfosaiti T (seli T) wanachelewa zaidi. Kwahiyo chagua siku kwanza, afu ndo uchague antibodi, yani protini inayonata kwenye alama ya seli unayotaka kuiona. Iba1 kwa maikroglia na makrofaji, MPO kwa nyutrofili, CD3 kwa seli T.

Halafu damu. Panya akiwa amelala kabisa kwa dawa ya usingizi unapitisha salaini kupitia moyo mpaka ini lipauke na maji yanayotoka yawe meupe, ndo unafuatisha paraformaldehaidi asilimia 4, dawa ya kukaza tishu isioze. Watu wanaharakisha hapa halafu wanalipia baadae, maana nyutrofili waliobaki ndani ya mishipa utawahesabu kama wameingia kwenye ubongo, na seli nyekundu zenyewe zinaigeuza DAB (kemikali ya rangi tutakayotumia mwishoni) kuwa kahawia bila antibodi yoyote, sehemu nzima ya kiharusi inakuwa tope. Ini likiwa bado jekundu usiendelee, ongeza salaini.

Ubongo ukae kwenye paraformaldehaidi usiku mmoja kwenye firiji, afu sukrosi (sukari) asilimia 30 mpaka uzame wenyewe, ndo ukate. Kata vipande vyenye unene wa maikroni 30 mpaka 40. Vipande vya parafini vya maikroni 5 vinatosha kuhesabu, ila umbo la seli hutalipata, matawi yanakuwa yamekatwa na kila maikroglia inaonekana kama imekasirika.

Kupaka rangi sio kazi kubwa. Osha kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), weka haidrojeni peroksaidi asilimia 1 dakika 15 hivi kuua peroksidesi ya damu iliyobaki, ile inayogeuza DAB kuwa kahawia, osha tena, zuia antibodi isinate hovyo kwa siramu ya mbuzi yenye Triton (sabuni) kidogo kwa saa moja, halafu Iba1 ya sungura usiku kucha kwenye firiji, anzia kuizimua 1:1000 ujaribu juu na chini. Kesho yake antibodi ya pili, inayoshika ile ya kwanza na kubeba HRP (kimeng'enya kinachoigeuza DAB kuwa kahawia), mwisho DAB. Kama vipande vilihifadhiwa na sodiamu azaidi vioshe vya kutosha, azaidi inaua HRP na utabaki unalaumu antibodi. DAB ivaliwe glovu na isimwagwe kwenye sinki, inashukiwa kuleta kansa.

Ishu ya huku sasa. Protokoo zinaandika "joto la chumba" na aliyeandika alikuwa kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu, wakati Moshi mwezi wa pili chumba kinaweza kupita nyuzi 30 na Arusha mwezi wa saba asubuhi watu wanafanya kazi na sweta. DAB kwenye joto inakimbia. Usifuate dakika za kwenye karatasi, chungulia kipande kimoja cha majaribio mpaka matawi yatokee na nyuma kubaki safi, andika ni sekunde ngapi, halafu vipande vyote vya siku hiyo viende sekunde hizo hizo. Vipande vya panya wenye kiharusi na vya kontroo vipakwe siku moja, sio kundi moja Februari lingine Julai! Na kila mara kiwepo kipande kisicho na antibodi ya kwanza, pamoja na kipande cha wengu ambacho lazima kiwake.

Kwenye maikroskopu anza na lenzi ya 10 utafute mipaka, kipande jirani kilichopakwa kresili vayoleti kinasaidia kwasababu sehemu iliyokufa inapauka. Piga sehemu tatu: kiini, pembezoni mwake, na upande wa pili wa ubongo sehemu ile ile. Afu lenzi ya 40. Taa, eksposha na rangi nyeupe vifungwe, visibadilike slaidi hadi slaidi, na kama unapiga kwa simu kwenye jicho la maikroskopu basi funga eksposha ya simu, maana ikiachwa otomatiki itazing'arisha zile za giza na utofauti wako wote unapotea. Sevu TIFF, aina ya faili isiyobana picha, kama kamera inakubali. Picha za data hazitumwi WhatsApp kama picha jamani, inazibana, tumia flashi.

Pembezoni utaona miili imenenepa na matawi mafupi, upande wa pili matawi marefu membamba. Kwenye kiini siku za mwanzo Iba1 inaweza kupungua kwasababu maikroglia nao wanakufa, halafu kuanzia siku ya 3 panajaa seli za duara. Hizo usiziite maikroglia kwenye ripoti, Iba1 haitofautishi mwenyeji na mgeni aliyetoka kwenye damu, andika "seli zenye Iba1", ukitaka kutenganisha ongeza antibodi ya TMEM119, alama ya maikroglia wenyeji.

Kuhesabu tumia Fiji, programu ya kompyuta ya kuchambua picha, ni bure na haihitaji bando ukishaiweka. Mwambie mwenzako abadilishe majina ya mafaili yote akae na orodha yeye ili usijue picha ipi ni ya kundi gani, akupe baada ya wewe kumaliza kuhesabu la mwisho.