Kumtoa Mbwa Kupe Nyumbani, na Tahadhari kwa Paka

Mbwa anayelala nje akaguliwe kila jioni, hasa majira ya mvua, kwa kupitisha vidole taratibu kinyume na manyoya yanavyolala: masikioni, chini ya shingo, kwapani na katikati ya vidole vya miguu, kwani huko ndiko kupe hupenda kujificha. Ukigusa kitu kama punje ya mtama iliyoshikamana na ngozi, tenganisha manyoya, mbane kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, kisha mvute moja kwa moja bila kumminya tumbo. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti, ingawa wengi wetu tulikua tukiona hivyo. Njia hizo humuumiza mbwa, na kupe aliyesumbuliwa huweza kutema vimelea ndani ya jeraha. Mtumbukize kupe uliyemtoa kwenye spiriti, kisha safisha jeraha kwa maji na sabuni.

Kibanda nacho kisafishwe, maana kupe wa mbwa hutaga mayai kwenye nyufa za kuta na mbao, na kumwogesha mbwa peke yake ni kazi bure.

Paka ni habari nyingine. Dawa ya mbwa yenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, inaweza kumtetemesha na kumuua, hivyo soma kibandiko cha chupa kabla ya kuifungua. Parasetamoli pia ni sumu kwake.

Mbwa mwenye kupe akikataa chakula au fizi zake zikipauka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.