SOMO: Viwango vya tishio la ugaidi Uingereza, na cha kupanga nyumbani

Kiwango kikiguswa tu, simu yangu haipumui. "Kaka, nasikia imekuwa Severe, watoto waende shule?" Nimejibu hili tangu 2017. Leo naandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia hapa.

Hatua ya 1. Soma kiwango kwenye tovuti ya MI5 (idara ya usalama wa ndani ya Uingereza) au GOV.UK (tovuti ya serikali). Usikichukue kwenye sauti ya WhatsApp.

Hatua ya 2. Jua maana yake. Viko vitano. Low: uwezekano wa shambulio ni mdogo sana. Moderate: laweza kutokea, ila si rahisi. Substantial: uwezekano ni mkubwa. Severe: mkubwa sana. Critical: mkubwa sana, tena karibuni. Anayekipanga si waziri. Ni JTAC, kituo cha wachambuzi kilichoanzishwa 2003, kiko makao makuu ya MI5. Ireland Kaskazini ina kiwango chake cha ugaidi wa kulekule, usikisome ukadhani ni cha Leicester.

Hatua ya 3. Nenda kazini. Watoto waende shule.

Hatua ya 4. Shambulio likikukuta: kimbia, jifiche, kisha piga simu. Mizigo iache. Ukijificha zima mlio wa simu, na mtetemo pia, kwa sababu simu ikitetemeka juu ya meza inasikika chumba cha pili. Huwezi kuongea? Piga 999 (namba ya dharura) kwa simu ya mkononi, na ukiambiwa ubonyeze 55, bonyeza. Hiyo 55 inakuunganisha na polisi tu, haiwaonyeshi ulipo. Ukiweza kunong'ona, nong'ona jina la mtaa.

Hatua ya 5. Mkubaliane mtakutana wapi. Hapa ndipo nilipoumbuka. Tulikuwa kwenye jengo la maduka Birmingham, mimi, mke wangu na mtoto wa miaka minne. Wao walikuwa sehemu ya viatu, mimi najaribu shati. King'ora kikalia, tukaambiwa sote tutoke. Baadaye ikajulikana ni begi la mtu aliyelisahau. Simu yangu ilibaki kwenye koti, na koti lilibaki kwenye chumba cha kujaribia. Sisi tulikuwa na mpango, eti "tukutane mlangoni". Lile jengo lina milango sijui mingapi! Nikaazima simu ya kijana mmoja nimpigie mke wangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba namba yake siijui. Miaka sita ya ndoa, namjua kama "Mama Zuhra" kwenye kioo cha simu tu. Namba pekee iliyokuwa kichwani ni ya mama yangu Likoni, niliyofundishwa nikiwa darasa la pili. Nikapiga Kenya kwa simu ya watu. Mama akaniambia bila hata salamu: "Mkeo ashanipigia, yuko kituo cha basi, mtoto analia njaa." Yule kijana nilimpa pauni tano.

Kwa hiyo: taja mahali pamoja kwa jina, pasiwe mlangoni pa jengo lenyewe. Namba mbili zikae kichwani. Na muwe na mtu mmoja aliye mbali, nyote mripoti kwake. USIRUDI ndani kufuata simu. Mimi nilijaribu, askari akanirudisha kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Hatua ya 6. Sanduku la nyumbani: tochi, redio ya betri, pawabanki, dawa, vyakula vya kopo, maji. Serikali inashauri angalau lita 2.5 hadi 3 za kunywa kwa mtu kwa siku, na 10 ukitaka kupika na kunawa kwa raha. Hili litakufaa hata stima ikikatika tu.

MASWALI

Mtoto wa Kisauni: Kwa hiyo sasa hivi ni kiwango gani?

Jibu: Hatua ya 1.

Dereva Luton: Nataka kwenda Nairobi mwezi ujao. Kiwango kikiwa Severe si hatari?

Jibu: Kiwango hiki ni cha Uingereza, ndugu yangu. Cha Kenya soma ushauri wa safari wa wizara ya mambo ya nje ya hapa Uingereza. Na uangalie bima: wizara ikishauri watu wasiende eneo fulani nawe ukaenda, bima yaweza kukukana.

Dereva Luton: Si ungeandika basi.

Jibu: Kichwa cha somo kinasema Uingereza.

Bi Rehema: Kwa nini Critical haikai? Inapanda, wiki haiishi inashuka.

Jibu: Swali zuri hili, dada. Critical inachosha: polisi wanafutiwa likizo, na 2017 hata wanajeshi waliwekwa walinde maeneo muhimu. Mwaka huo, baada ya shambulio la ukumbi wa Manchester Arena, ilipanda Mei 23, ikashuka Mei 27. Agosti 2006, ulipogunduliwa mpango wa kulipua ndege kwa vimiminika, nayo ilikaa siku chache tu. Kilichodumu miaka mingi baadaye ni ile sheria ya chupa ya mililita 100 uwanja wa ndege. Kwa hiyo Critical ikishuka usidhani hatari imekwisha. Inarudi Severe kwanza.

Mzee wa Coventry: Ile honi ya simu ya Septemba 7, 2025 saa tisa alasiri ilinitoa roho. Naizimaje?

Jibu: Ile ya majaribio ya tahadhari ya dharura ya serikali? Kwenye mipangilio. Lakini iache, mzee wangu. Inatoka kwenye minara, hata namba yako hawaihitaji. Wa kuizima ni mtu mwenye simu ya siri, kama mwanamke anayenyanyaswa nyumbani, maana inalia hata ukizima mlio.

Mama Nasra: Kwenye sanduku ongeza kifungua makopo. Sisi stima ilikatika tukakaa tunatazama maharage. Na mwanangu nimemwandikia namba ndani ya kiatu, bangili anaitupa.

Jibu: Kiatu! Naiba hiyo leo. Asante.

Bi Rehema: Na mama Likoni bado ana namba ileile?

Jibu: Ileile. Anasema namba ya dharura haifai kukosa salio, basi kila mwezi namtumia za kredi.