Kuhamia Iowa City: fuata kalenda ya wanafunzi kabla ya kutafuta bei

Soko la nyumba hapa linafuata kalenda ya Chuo Kikuu cha Iowa. Mikataba mingi ya apatimenti huanza Agosti mosi au siku chache baadaye, na kuisha mwishoni mwa Julai. Zilizo karibu na kampasi huanza kugombewa miezi mingi kabla. Ukifika Januari utachagua mabaki.

1. Eneo. Katikati ya mji waachie wanafunzi. Ni ghali na maegesho yake ni kero. Familia itafute kusini-mashariki mwa mji au Coralville, mji jirani. Mabasi ya jiji yalifutiwa nauli Agosti 2023, na CAMBUS, mabasi ya chuo, hubeba yeyote bure. Kwenda North Liberty, mji jirani mwingine, bila gari ni kujitafutia shida.

2. Hakiki kabla ya kutuma senti. Jiji hutaka kila nyumba ya kupangisha iwe na kibali, basi kiulizie. Kisha ingiza anwani kwenye tovuti ya mthamini wa majengo wa Iowa City, ulinganishe jina la mmiliki na la anayekutangazia. Anayedai yuko ng'ambo na atakutumia ufunguo kwa posta ni tapeli.

3. Mkataba. Hapa ndipo watu wanapoumia.

Tazama tarehe kwanza. Wa zamani ukiisha Julai 29 na mpya ukianza Agosti 1, una siku kadhaa bila paa, na mji mzima unahama wakati huohuo. Malori ya kukodi huisha mapema. Muombe mwenye nyumba mpya akuruhusu kuingia mapema, akubali kwa maandishi. La sivyo, weka nafasi ya stoo na ya kulala tangu Juni.

Pili, jua unadaiwa nini. Kuna mkataba wa kila mtu na chumba chake, na kuna wa pamoja. Katika wa pamoja, mwenzako akitoroka, mwenye nyumba anaweza kukudai wewe kodi yote. Kwa watu wasiofahamiana, wa chumba kimoja kimoja ni bora hata ukizidi bei kidogo.

Tatu, kuna nafuu ya kiangazi: wanafunzi wanaoondoka Mei huwaachia wengine vyumba vyao kwa bei ya kutupa. Ni njia nzuri ya kufikia, mradi mwenye nyumba aridhie kwa maandishi na uwe tayari na pa kwenda Julai ikiisha.

Nne, uliza kama gharama ya kupasha nyumba joto imo ndani ya kodi. Tangazo la bei ndogo katika nyumba ya zamani yenye madirisha yanayovuja linaweza kukutoka puani kuanzia Desemba.

Mgeni asiye na historia ya mikopo ataombwa mdhamini. Peleka barua ya ajira, hati za mshahara na taarifa za benki kwa pamoja. Kuzitoa moja moja ndiko kunakochelewesha. Kwa sheria ya Iowa, dipoziti haizidi kodi ya miezi miwili.

4. Umeme na gesi. Kampuni ni MidAmerican. Akaunti ianze siku ya kwanza ya mkataba.

5. Kuingia na kutoka. Piga picha kila ukuta, ndani ya oveni na chini ya sinki kabla ya kuingiza mzigo, uzitume kwa baruapepe ili tarehe ibaki. Ukihama, mpe mwenye nyumba anwani yako mpya kwa maandishi: siku zake 30 za kurudisha dipoziti, au kueleza makato, hazianzi kuhesabika mpaka mkataba uishe na awe na anwani hiyo. Usipoitoa ndani ya mwaka mmoja, fedha zinakuwa zake.

6. Gari na vitanda. Gari la jimbo lingine lisajiliwe ndani ya siku 30 baada ya kuhamia. Samani zinazotupwa barabarani mwishoni mwa Julai, chukua za mbao na chuma tu. Magodoro na makochi yaache hapohapo: kunguni.