Mukarakinga: kuvuna mzizi bila kuua mti

Kwenye kingo za misitu ya nyanda za juu, hasa kandokando ya vijito, huota mti mfupi usiopukutisha majani ambao Wakikuyu huuita mukarakinga, Waethiopia huuita gesho, na wasemaji wa Kiafrikana huko Afrika Kusini huuita blinkblaar, yaani jani linalong'aa. Jina lake la kitaalamu ni Rhamnus prinoides. Utautambua kwa jani: upande wa juu ni wa kijani kilichokolea, unametameta kana kwamba umepakwa mafuta, kingo zina meno madogo, na ukiligeuza utaona vishimo vidogo pale mishipa inapoungana na mshipa mkuu.

Katika nyanda za juu za Kenya mzizi huchemshwa na kutiwa kwenye supu ya nyama kwa ajili ya mafua na maumivu ya viungo. Kusini mwa Afrika hutumika kusafisha damu, na majani hupakwa palipoteguka. Mzizi ndio unaotafutwa zaidi, na hapo ndipo penye hasara kubwa, kwa sababu mti wa porini huchimbwa kuzunguka shina lote ukakauka. Nawasihi wakulima wapande wao wenyewe.

Chuma matunda yaliyoiva hadi kuwa ya zambarau, yasugue ndani ya maji ili nyama itoke, anika mbegu kivulini, kisha uzisie kitaluni mapema, bila kuziweka muda mrefu. Hamishia miche shambani mvua zinapoanza, mahali penye unyevu lakini pasipotuama maji. Nchini Ethiopia mti huu hupandwa karibu na nyumba na kukatwa matawi, ambayo pamoja na majani hutia uchungu kwenye tela (pombe ya nafaka) na teji (pombe ya asali); nyuki nao hupenda maua yake.

Mti huu una viambato vya kuharisha, hivyo mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe dawa yake, na mwenye homa kali au anayepumua kwa shida apelekwe zahanati bila kungoja.

Unapovuna, chimba upande mmoja tu, mbali kidogo na shina, ukate mizizi michache ya pembeni bila kugusa mzizi mkuu, kisha urudishe udongo na kuushindilia kwa mguu. Chomeka kijiti hapo, ili safari nyingine uchimbe upande mwingine.