Gari likilala masika: namna ya kuitunza betri hadi Juni

Mvua za masika zikishaanza kupiga sawasawa, yadi za Arusha hujaa magari. Wageni wamepungua, barabara za ndani ya hifadhi zimegeuka tope, na zile Land Cruiser zilizokuwa zikitoka mjini alfajiri kwenda Tarangire na Serengeti sasa zimepangwa ubavu kwa ubavu huko Njiro, Sakina na Usa River. Nyingi hazitatoka hadi Juni. Mwenye gari hufunika viti, huangalia matairi, hufunga geti. Betri haikumbuki mtu.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa yadi nilikuwa na magari matano, kila moja na betri mbili, na sikuchomoa hata waya mmoja. Juni ilipofika, betri nne kati ya kumi zilikataa kabisa kushika chaji. Hazikuwa nzee. Ziliuawa na kukaa tu, na tajiri akalazimika kununua nyingine kwa fedha ya msimu ambao ulikuwa haujaanza. Tangu hapo nafuata utaratibu huu, na nauandika ili wewe usipitie hasara ile.

Kwanza umjue adui. Ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji. Kule wanaogopa betri isigande, kwa sababu asidi ya betri iliyoisha chaji inakuwa karibu na maji matupu, nayo huganda mapema kuliko ya betri iliyojaa. Huku kwetu hata ile baridi ya Julai haigandishi betri. Lakini kinachoua ni kile kile cha kule: betri kukaa muda mrefu ikiwa haijajaa. Betri inapotoa umeme, juu ya pleti zake, vile vibamba vya madini ya risasi vilivyo ndani, hujengeka salfeti, aina ya chumvi ya risasi. Ukiichaji mapema, salfeti ile huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha wiki kadhaa, hugeuka chembe ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziwezi tena. Hapo ndipo unasikia fundi akisema betri haishiki chaji.

Joto nalo linasaidia kuiua. Betri hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na kila joto linapoongezeka nyuzi 10 hivi, upotevu huo unakaribia kuwa maradufu. Moshi iko chini kuliko Arusha na ina joto zaidi, kwa hiyo mwenye gari wa Moshi asisubiri ratiba yangu ya hapa. Akague mapema kidogo.

Andaa mita ya umeme, spana namba 10 na 13, brashi ya waya, magadi, maji ya betri, grisi, glavu, miwani, na chaja inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Mita ya bei nafuu inatosha kabisa.

Hatua ya 1: Safisha

Chukua mita, gusisha waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya, kisha uburuze ncha ya ule mweusi juu ya plastiki ya betri. Kama betri ni chafu, mita itasoma volti pale pale kwenye plastiki. Vumbi la barabarani likichanganyika na mvuke wa asidi linakuwa njia ya umeme, na betri inajimaliza polepole usiku na mchana.

Dawa yake iko jikoni. Koroga vijiko viwili vya magadi, haya haya tunayoivishia makande, kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Hakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, kisha pakaza kwa brashi juu ya betri na kwenye vichwa vyake. Ule ukungu wa kijani na mweupe utatoa povu kwa nguvu. Povu likikoma, asidi imekwisha. Suuza kwa maji safi, futa, kausha. Tone la magadi lisiingie ndani ya seli, vile vyumba vya asidi vilivyo chini ya vifuniko, hata kidogo, kwa sababu litaiua asidi ya humo pia.

Hatua ya 2: Maji

Hii ni kwa betri ya maji. Betri kavu haifunguliwi, iruke hatua hii.

Fungua vifuniko vyote sita uchungulie kwa tochi, kamwe usitumie kiberiti. Kama pleti ziko wazi, ongeza maji hadi zifunikwe tu, kisha chaji. Ukishamaliza kuchaji ndipo ujaze hadi kwenye mstari, kwa sababu kimiminika hupanda betri inapochajiwa, na ukijaza kabla kitamwagika.

Tumia maji ya betri ya dukani peke yake. Maji ya bomba ya Arusha, pamoja na floraidi yake inayojulikana, yana madini ambayo hayana kazi nzuri ndani ya betri. Wala usiongeze asidi. Kinachopungua kwenye betri ni maji. Asidi yenyewe imebaki humo humo, labda kama betri imepinduka ikamwagika.

Hatua ya 3: Jaza chaji mpaka mwisho

Hii ndiyo hatua inayookoa betri kuliko zote, na ndiyo watu wanaifanya nusunusu.

Pima betri ikiwa imepumzika usiku kucha. Volti 12.6 hadi 12.7 imejaa. Volti 12.4 imebaki robo tatu. Volti 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki robo. Unaona tofauti zilivyo ndogo? Mtu anasoma 12.2 anasema "si ni 12, iko sawa," kumbe anaifungia gerejini betri iliyofika nusu.

Chaji kwa ampea zisizozidi sehemu ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 70 (ndicho kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), weka ampea 7 au chini. Ikiwa ilifika nusu, hesabu usiku mzima, maana robo ya mwisho huingia polepole sana. Umeme ukikatika katikati, baadhi ya chaja haziwaki zenyewe ukirudi. Nenda ukaangalie, usiamini kwa kuwa uliiwasha jioni. Chajia mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka.

Sasa kuhusu magari ya volti 24, ambayo hapa Arusha tunayo mengi. Betri mbili zimeungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, halafu mtu akaja akafunga redio ya mawasiliano na friji ya wageni, vyote vya volti 12, akachukulia umeme kwenye betri moja tu. Altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Ile inayonyonywa haifiki kujaa hata siku moja, na mwenzake inazidishiwa hadi maji yanakauka. Nimepima gari ambalo betri moja ilisoma 12.1 na ya pili 12.8, zote zimenunuliwa siku moja. Kwa hiyo zitenganishe na uchaji kila moja peke yake. Na wakati gari limelala, mwambie fundi afunge kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, ili redio na friji zichukue umeme kutoka betri zote mbili.

Hatua ya 4: Chomoa

Anza na hasi. Sababu ni hii: spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi, hakuna kinachotokea, lakini ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, unapata cheche inayoweza kuyeyusha spana mkononi mwako. Kwenye gari la volti 24 chomoa pia ule waya unaounganisha betri mbili, na waya wowote uliochukuliwa katikati.

Dereva mmoja aliniuliza, "Fundi, si nimezima kila kitu, nichomoe ya nini?" Tukapiga hesabu pamoja. Alamu, saa, kumbukumbu ya redio na kifuatiliaji cha gari, gari zima lisilo na hitilafu linaweza kula miliampea 50 likiwa limezimwa. Kwa siku ni ampea-saa 1.2. Kwa siku 75 za masika ni ampea-saa 90, wakati betri yenyewe ina 70. Alichukua spana mwenyewe.

Kama kifuatiliaji lazima kibaki hewani kwa ajili ya ulinzi, basi usichomoe, ila gari hilo liwe na chaja ya kudumu au sola ndogo ya wati 20 yenye kidhibiti chaji. Wakati wa masika mawingu ni mengi, kwa hiyo sola hiyo ikaguliwe.

Paka grisi kwenye vichwa. Betri unaweza kuiweka hata kwenye sakafu ya saruji. Ile imani kwamba saruji hunyonya chaji ni ya enzi za kasha za zamani, plastiki ya leo haina shida hiyo.

Hatua ya 5: Kila mwezi

Bandika kipande cha utepe juu ya betri, andika tarehe na volti. Kila baada ya wiki nne pima na uandike chini yake. Ikifika 12.4, chaji. Usingoje ishuke zaidi.

Wengi huliwasha gari dakika tano kila Jumapili wakidhani wanaitunza betri. Nawasihi muache. Starta yenyewe haili chaji nyingi, lakini dakika tano za mngurumo haziwezi kuijaza betri iliyoshuka, kwa sababu inahitaji saa nyingi. Isitoshe injini haifiki joto lake, na unyevu unabaki kwenye oili na ekzosi. Kama huna chaja, liendeshe walau saa nzima, uende mpaka Usa River na kurudi.

Hatua ya 6: Kuamsha gari

Wiki moja kabla ya safari ya kwanza, chaji betri tena hadi ijae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Mwambie mwenzako apige starta huku umeweka mita kwenye betri: isishuke chini ya 9.6. Kwenye gari la volti 24 pima kila betri peke yake. Gari likishawaka, betri isome 13.8 hadi 14.4, au 27.6 hadi 28.8 kwa zote mbili. Ikiwa chini ya hapo, kagua mkanda na altaneta kabla hujailaumu betri.

Ikishuka chini ya 9.6 na ulikuwa umeijaza, ibadilishe ungali Arusha. Ile iliyokufa irudishe kwa muuzaji au kwa wanaonunua betri chakavu ikiwa na maji yake yote ndani. Usiimwage mtaroni, kwa kuwa asidi ile imebeba risasi, na mitaro yetu huishia kwenye mito na mashamba ya watu.