Kuzuia Unyevu Usiingie Paani na Kwenye Kuta za Matofali

Watu wengi wanapoona doa la maji ukutani hukimbilia rangi, na kwa miezi michache doa hupotea. Baadaye rangi huvimba na kubanduka, kwa kuwa maji hayakuzuiwa bali yalifunikwa tu. Kabla ya kununua chochote, tafuta kwanza chanzo cha maji hayo, ambayo yanaweza kuwa mvua inayopenya paani au ukutani, maji ya ardhini yanayopanda kupitia msingi, bomba linalovuja, au mvuke wa ndani ya nyumba unaogeuka matone unapogusa ukuta wa baridi.

Mahali na wakati wa doa huonyesha mengi. Doa linalokolea kila mvua inaponyesha limetokana na paa au ukuta wa nje, ilhali lile lisilokauka hata wakati wa ukame linakutaka ukague mabomba. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki kimo cha mita 1 hivi, na mara nyingi huacha ukanda wa chumvi nyeupe pale unapoishia, kwa sababu maji hubeba chumvi za udongo na kuziacha yanapokauka. Ukishuku mvuke, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zake zote kwa utepe wa gundi, kisha ukiache kwa siku 2. Matone yakitokea upande unaotazama chumba, tatizo ni mvuke, na dawa yake ni kupitisha hewa zaidi, hasa jikoni na bafuni. Yakitokea nyuma ya nailoni, unyevu umo ndani ya ukuta wenyewe.

Paa huhitaji subira, maana maji yakishaingia hutambaa juu ya mbao na huweza kudondoka mbali na tundu lililoyapitisha. Panda darini mchana, ufuate alama za maji kwenye mbao kuelekea juu, na utazame penye mwanga unaopenya. Usipoona kitu, mtu mmoja amwagie paa maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda hatua kwa hatua, huku mwingine akitazama kutoka ndani. Mwenye mpira akianzia juu, maji yatateremka paa zima na hamtajua yalipoingilia. Paa lililolowa huteleza, kwa hiyo mwenye mpira asimame kwenye ngazi iliyofungwa vizuri.

Mara nyingi kasoro haiko katikati ya bati au kigae, bali kwenye maungio: chini ya kofia ya paa, kwenye bonde ambapo miteremko miwili inakutana, kuzunguka bomba la moshi, na pale paa linapoegemea ukuta. Maungio ya paa na ukuta yasizibwe kwa saruji peke yake, kwani bati hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na saruji hupasuka. Weka ukanda wa bati uliokunjwa, ukingo wake wa juu uingie kwenye mfuo uliochongwa ukutani na wa chini ulalie juu ya paa. Kwenye mabati ya mawimbi, misumari yenye vifuniko vya mpira ipigwe mgongoni mwa wimbi, si bondeni ambako maji hupita. Paa la zege nalo linahitaji mteremko, angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80, la sivyo maji yatatuama na kutafuta ufa.

Ukutani, anza na udongo unaouzunguka. Ardhi ishuke kwa takriban sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani, na tabaka la kuzuia unyevu lililo juu ya msingi libaki sentimita 15 au zaidi juu ya usawa wa ardhi. Nimeona kuta nzuri zikiharibiwa na bustani ya maua tu, kwa sababu udongo ulirundikwa hadi ukalivuka tabaka hilo na kuyapa maji daraja. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya msimu wa mvua. Mfereji ulioziba hufurika na kuulowesha ukuta mahali palepale kila mvua inaponyesha.

Maungio ya matofali yaliyolika yakwanguliwe kwa kina cha sentimita 2 hivi, yaloweshwe kidogo, kisha yajazwe upya. Kwa kuta kuukuu zilizojengwa kwa chokaa, tumia chokaa tena. Saruji ni ngumu kuliko matofali laini na haipitishi mvuke vizuri, hivyo maji yanayoingia kwenye nyufa hukosa pa kutokea na matofali huanza kumeguka. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono kupaka rangi nzito ya kuzuia maji kwenye ukuta ambao bado umelowa.

Chanzo kikishazibwa, kwangua lipu iliyojaa chumvi, kwani chumvi hufyonza unyevu wa hewani hata ukuta ukiwa umepona, kisha uache ukuta ukauke wenyewe. Makadirio ya mafundi ni mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 23 unaweza kuhitaji miezi 9 kabla ya kupigwa lipu mpya na kupakwa rangi.