Jinsi ya kupata saundi ya AC/DC kwenye gita lako (anza na Malcolm, sio Angus)

Wengi wakitaka kupiga kama AC/DC, ile bendi ya rock ya Australia, wanakimbilia distoshen (ile saundi ya gita inayokwaruza), wanafungulia mpaka mwisho, halafu inatoka kelele tupu. Punguza geini bana, kile kitufe cha ampli kinacholeta mkwaruzo. Ishushe mpaka ukipiga kodi ya A usikie kila uzi unajitegemea, halafu nguvu uitafute kwenye volyumu ya ampli na kwenye mkono wako wa kulia. Malcolm Young, mpiga ridhim wao, kaka yake Angus mpiga solo, yule aliyekuwa anasimama nyuma karibu na drums, alikuwa anapiga hivyo hivyo: gita aina ya Gretsch ameling'oa pikap (kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya mbele kabaki na ile ya kwenye bridji, nyuzi nene, saundi karibu safi kabisa, ila anachapa kwelikweli. Waliokulia kwenye dansi wataelewa haraka, mpiga ridhim ndo anabeba bendi.

Kodi zenyewe ni za kawaida, E, D, A, G, zile za wazi za mwanzoni kabisa mwa shingo ya gita, hakuna maajabu. Kazi iko kwenye kukaa kimya. Chukua wimbo wao Back in Black: unapiga E, unaizima, kimya, D inajibu, kimya, halafu A, na kwenye ule ukimya unasikia mpiga drums wao Phil Rudd anagonga hi-hat tu, yale matoazi mawili. Huo ukimya ndo unaofanya watu watingishe vichwa, ukiujaza umeharibu wimbo. Weka metronomu kwenye mapigo 90 hivi kwa dakika, piga huku unazima nyuzi kwa viganja vyote viwili, na usiongeze spidi mpaka nyuzi ziwe zinakata kama switchi.

Sasa kwa nini walipiga hivi? Angalia walikotoka. Familia ya Young walihama Glasgow kwenda Sydney mwaka 1963, watu wa kipato cha chini, Malcolm akafanya kazi kiwanda cha sidiria kama fundi wa kurekebisha vyerehani. Bendi wakaianzisha 1973 wakawa wanapiga kwenye mabaa ya Australia, watu wametoka kazini wamechoka wanataka kitu cha kuwanyanyua, ukileta madoido hawakuelewi. Na studio walirekodi wote pamoja kama wako jukwaani, kaka yao George ndo prodyuza akiwa na Harry Vanda. Mwaka 1977 wakirekodi albamu ya Let There Be Rock ampli ya Angus ikaanza kufuka moshi katikati ya solo, George kule upande wa pili wa kioo akampungia mkono aendelee asisimame, na akamaliza. Kwa hiyo na wewe ukijirekodi piga wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, usikate vipande vipande, hata ukiteleza kidogo acha.

Drums na besi ziende moja kwa moja, besi ing'ang'anie noti moja hata baa nzima ya muziki, mpiga besi wao Cliff Williams kaifanya hiyo kazi miaka mingi na wala haboi.

Sauti ya kuimba ni habari nyingine. Mwimbaji wao wa zamani Bon Scott alikuwa anasimulia kama mtu wa kijiweni, maneno unayasikia yote. Alifariki London Februari 1980 akiwa na miaka 33, wakamchukua Brian Johnson, mtu wa Gateshead huko kaskazini mwa Uingereza aliyekuwa na kabiashara ka kutengeneza mapaa ya magari, wakaenda Bahamas kurekodi na Julai mwaka huohuo albamu ya Back in Black iko sokoni. Mimi bado nampenda Bon zaidi, ila ule mkwaruzo wa Brian ukitaka kuuiga nenda polepole, koo linaharibika kweli.

Solo za Angus ziache mwisho kabisa. Ukiweza kupiga ridhim ya wimbo mzima bila kuyumba ndo uchukue skeli ya pentatoniki, ile ya noti tano, piga noti chache, na kila unapokaa kwenye noti itikise kwa kidole taratibu mpaka ilie.